Kilo Moja ya Aristote

Msimu wa mpunga, kila asubuhi kabla ya shule, Esther-Divine alifagia uwanja, akatandika mikeka na kuanika mpunga. Baba yake mdogo, Hervé, alikuwa mnunuzi wa mpunga pale Wamaza, na mizani yake ya ndoano ilining'inia kwenye boriti ya baraza. Mizani ile haikupata raha. Gunia likishushwa tu, watu wa nyumba walijipima kwa mzaha: mkubwa alishika ndoano na kukunja miguu, mtoto alitiwa ndani ya kitenge. Kwa hiyo uzito wa kila mtu ulijulikana na wote. Papa Magloire, baba yake Esther-Divine, alikuwa kilo sitini. Aristote, kitindamimba, alikuwa kilo kumi kamili, na mama yake, Pascaline, hakuchoka kuwatajia majirani.

Kisha maradhi yakaingia. Malaria ilimwangusha Papa Magloire, na Aristote akaanza kuhara na kutapika. Kituo cha afya kilikuwa mbali, barabara tope tupu, na pikipiki nyingine zote zilikuwa zimekwenda Salamabila kwa wachimba dhahabu. Dereva mmoja tu, Serge, ndiye aliyebaki na yake. Alisema angebeba mgonjwa mmoja na mtu wa kumshika, kisha angerudi jioni kumchukua wa pili. Basi nani atangulie?

Hervé aliwapima wote wawili, halafu akamwita Esther-Divine. Darasani hakuna aliyemshinda kwa hesabu, na yeye mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

"Papa amepunguza kilo tatu," alisema pale pale, bila hata kuwaza. "Aristote ni kilo moja tu. Papa ndiye iko mubaya zaidi."

Watu wazima wakakubali, naye Serge akaenda kutafuta mafuta.

Lakini Esther-Divine hakutulia. Aliingia ndani, akatoka. Alishika ufagio, akauacha. Aristote alikuwa amelegea begani kwa mama, hachezi wala hafukuzi nzi. Dada yake alimtazama tena na tena, asijue kwa nini.

Barazani, jirani mmoja alikuwa akilalamika kwamba mpunga wake umepungua mkekani. Hervé, mawazo yote yakiwa kwa kaka yake, alimjibu kama alivyozoea kuwajibu wateja: "Mama, gunia kubwa ikipungua kilo tatu, ile ni jua tu. Kikapo kidogo ikipungua moja, pale iko panya."

Esther-Divine alishtuka kama aliyekanyaga mwiba. Aliokota kijiti, akaandika ardhini jinsi mwalimu alivyowafundisha: kilichopungua ukigawe kwa uzito wa mwanzo, kisha uzidishe kwa mia. Papa, tatu kwa sitini, asilimia tano. Aristote, moja kwa kumi, asilimia kumi. Ukilinganisha na mwili wake, mtoto alikuwa amepoteza mara mbili ya baba yake, na ni mdomo wake yeye Esther uliomwacha nyuma. Aliogopa, tena aliona haya.

Pikipiki ilikwisha kuwaka. Papa Magloire alikuwa amepakiwa, Hervé anataka kupanda nyuma yake. Kusema sasa kulikuwa kujianika mbele ya uwanja mzima. Alikimbia, akashika usukani.

"Nilikosea," alisema. "Nilihesabu kilo, sikuangalia zimetoka mu ngapi. Mu kila mia, Papa amepunguza tano, Aristote amepunguza kumi. Ni mutoto ndiye aende mbele."

Hervé alianza kumkemea, kwamba mtoto hageuzi maneno ya wakubwa leo hivi kesho vile. Papa Magloire, akitetemeka kwa homa, aliinua mkono kumnyamazisha.

"Munishushe," alisema. "Mupandishe mama na mutoto."

Walipofika kituoni, Aristote hakuwa na nguvu hata ya kunyonya. Muuguzi, Mama Marie-Thérèse, alimtundikia maji ya mshipa bila kupoteza muda, akamwambia Pascaline wazi kwamba jioni wangekuwa wamechelewa. Serge alirudi kumchukua Papa Magloire, naye akatibiwa.

Kesho yake Esther-Divine alifika na chakula, miguu imejaa tope, akitarajia kugombezwa. Muuguzi alikuwa amekwisha kusimuliwa yote.

"Kilo moja kwa mutu mukubwa haitishi sana," alimwambia. "Kwa huyu mudogo, ni maji ya uzima wake. Kitu kikipungua, uliza kwanza kilikuwa ngapi. Hiyo ni hesabu, na mwalimu wako amekufundisha vizuri. Lakini kurudi mbele ya watu wale wale na kusema umekosea, hiyo haiandikwi ubaoni. Ukubali kosa lako mapema, wakati bado linaweza kutengenezwa. Ungeona haya mpaka jioni, leo tungekuwa tunalia."

Esther-Divine alimwinamia Aristote, naye mtoto akashika kidole cha dada yake na kukivuta mdomoni kwa nguvu.