Mashine ya Tatu Juu ya Paa

Chumba cha nyuma cha gereji ya mafriji kilinuka mafuta ya kompresa na jasho la watu wanne. Kiberiti alikuwa amechora ramani kwa chaki juu ya mlango wa friji bovu uliolazwa sakafuni. Jengo. Ngazi za nyuma. Paa. Juu ya paa, masanduku manne.

"La tatu," alisema. "Hilo ndilo letu."

Sanduku la tatu lilikuwa mashine ya kiyoyozi. Kazi yake ilikuwa kupoza chumba kimoja tu, stoo ya sonara, chumba kisicho na dirisha chenye mlango wa chuma na mlinzi mbele yake mchana kutwa. Mlango hawakuuhitaji. Chini ya mashine palikuwa na njia ya hewa ya bati, pana kiasi cha kupitisha mtu mwembamba, ikatokea darini mwa stoo.

Mtu mwembamba walikuwa naye. Walimwita Uzi. Alikuwa amekaa juu ya ndoo akichezea kamba, akicheka kila Kiberiti alipocheka.

Ukutani alisimama kaka yake, Fundi. Ndiye aliyezihudumia mashine zile kwa miaka. Alizijua moja moja, ipi inakohoa ikiwashwa, ipi inavuja maji joto likizidi. Baba yao alipofariki Uzi alikuwa bado anatambaa, na Fundi ndiye aliyemlea. Alimpeleka shule, akamfukuzia marafiki wabaya, akamtoa mahabusu. Uzi alipomletea habari za mchongo huu, Fundi alikataa katakata. Kiberiti akamtumia salamu kwamba hakuna neno, wataenda bila yeye, Uzi atashuka hivyo hivyo.

Hapo Fundi aliishiwa nguvu. Alijua bati la njia ile lina kingo kali kama wembe. Alijua mtu asiyeijua mashine anaweza kuiwasha kwa bahati mbaya wakati mwenzake yumo ndani. Akakubali kwa sharti moja, kwamba swichi na kamba atashika yeye.

Wa nne alikuwa Dereva, mtu mzima wa maneno machache. Angengoja na gari uchochoroni. Aliuliza bastola iliyo kiunoni mwa Kiberiti ni ya nini. Kiberiti akasema ya kutishia mbwa. Dereva akasema jengo lile halina mbwa.

JUMAMOSI, ASUBUHI

Waliingia kwa mlango wa nyuma, wamevaa ovaroli, wamebeba masanduku ya vifaa. Mlinzi wa stoo alimfahamu Fundi siku nyingi. Alimuuliza hali ya mama, Fundi akasema mzima. Wawili aliokuja nao akawatambulisha kuwa vibarua.

Utaratibu wa siku ya huduma ulikuwa ule ule. Fundi anakata umeme wa mashine. Mlinzi anauacha mlango umefungwa ili joto la nje lisiingie. Akisikia feni inaunguruma ndani, anafungua, Fundi anashuka na kipimajoto kuhakikisha chumba kinapoa. Kabla ya hapo hakuna anayegusa kitasa. Mpango mzima wa Kiberiti ulisimama juu ya utaratibu huo.

SAA SITA MCHANA

Paa lilichoma hata kupitia soli za viatu. Fundi alikata swichi kuu ya mashine ya tatu, akafungua kifuniko, akachomoa machujio yaliyojaa vumbi. Njia ya hewa ikaonekana, nyeusi, inashuka moja kwa moja. Pembeni yake kulikuwa na mabomba membamba ya shaba.

Aliwaonya wote wawili. Mabomba haya yana gesi. Mguu usiguse hapa.

Alimfunga Uzi kamba kiunoni, akaivuta kuijaribu, akaivuta tena.

"Kaka, utanikata katikati," Uzi alisema.

"Nyamaza. Shusha mikono kwanza."

Uzi akashuka. Bati liligonga kidogo, kisha likatulia. Fundi alihesabu mwendo wake kwa viganja, kamba ikipita. Chini, kwa sauti ndogo, Uzi akasema amefika. Akaifungua kamba na kuanza kujaza dhahabu mifukoni.

SAA SABA

Mfuko wa kwanza ulipanda bila shida. Kiberiti aliupokea, akachungulia ndani, uso ukabadilika. Tangu hapo hakutulia tena. Akamsukuma Fundi pembeni, akasema anavuta kama anateka maji kisimani, akaishika kamba mwenyewe.

Mfuko wa pili ulikuwa mzito. Ulikwama kwenye kona ya bati. Kiberiti akatafuta pa kukanyagia ili apate nguvu, akakanyaga mabomba.

Shaba ilikatika kwa sauti kama ya kuvunja kijiti. Kisha mlio mkali. Ukungu mweupe ukaruka, ukageuka, ukaanza kushuka kwenye njia ya hewa.

Kiberiti aliruka nyuma, akatukana, kisha akamalizia kuuvuta mfuko wake. Kwake ilikuwa mashine imeharibika, basi.

Fundi aliinamia njia ya hewa. Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Inatafuta chini. Chumba kile kilikuwa kidogo na kimefungwa kila upande, ingekijaza kuanzia sakafuni na kuisukuma hewa itoke. Aliyemo ndani hasikii harufu wala maumivu. Anasikia usingizi.

Akaitupa kamba chini. "Uzi. Jifunge kamba, uje juu. Sasa hivi."

"Bado sahani moja ya dhahabu tu, kaka."

"Acha kila kitu. Panda."

 Kisha Uzi akasema neno lisiloeleweka, zito, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Sahani ikaanguka. Kisha kitu kingine, kikubwa zaidi. Fundi akaivuta kamba, ikaja bure.

Akasimama, akaelekea kwenye swichi.

Njia ilikuwa moja. Kifuniko kilikuwa wazi. Mashine ikiwaka, feni ingevuta hewa safi ya pale juu na kuisukuma ndani ya stoo. Tena mlinzi angesikia muungurumo, angefungua mlango.

Kiberiti alilielewa hilo haraka kuliko Fundi alivyotarajia. Bastola ilikuwa tayari mkononi.

"Ukiwasha, yule anafungua mlango."

"Najua."

"Tumekwisha sote."

"Mdogo wangu yuko chini."

"Mdogo wako ameshalala. Mzigo tunao. Twende zetu, Fundi."

Fundi aliitazama ile bastola. Alimwambia Kiberiti apige, mlio utasikika hadi barabarani, na Dereva ataondoka bila kuuliza. Alisema hivyo kwa upole, kwa sababu muda wa kubishana haukuwepo. Kisha akampa mgongo, akaiinua swichi.

Mashine ilikohoa. Ikakohoa tena. Feni ikashika kasi, ukungu ukavutwa, ukapotea.

Nyuma yake alisikia viatu vikikimbia, mlango wa paa ukibamizwa, komeo likiingia. Hakugeuka. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye mdomo wa njia ya hewa, akimpigia mlinzi kelele aingie amvute yule mtu nje, amvute kwa miguu, asikae ameinama pale chini. Akasikia funguo. Akasikia mlango wa chuma. Akasikia mlinzi akisema jina la Mungu, kisha kitu kinaburutwa.

Kisha akasikia mtu anakohoa.

Fundi akakaa chini, akaegemea mashine, akalia. Polisi walimkuta hapo hapo.

Uchochoroni, Dereva alimwona Kiberiti anatoka peke yake na mifuko miwili. Aliuliza wengine wako wapi. Kiberiti akamwambia aendeshe. Akaendesha. Hawakuonekana tena.

JUMATATU

Uzi alitolewa hospitali na kuletwa mahabusu, wakawekwa chumba kimoja. Kichwa kilikuwa bado kinamuuma. Fundi alimpa shati lake alifanye mto, akamuuliza kama anapumua vizuri. Uzi akasema ndiyo. Akalala kidogo, akaamka, akakaa muda mrefu akitazama sakafu.

"Kaka, mimi ndiye niliyepangiwa kukomea ule mlango wa paa."

Fundi hakuelewa. Uzi akaeleza kwa sauti ya chini. Kiberiti alisema tangu mwanzo kwamba Fundi anajulikana sura, polisi wangeanzia kwake tu. Kwa hiyo baada ya mfuko wa mwisho, Uzi atapanda, atamwambia kaka yake arudishe kifuniko, na wakati amegeuka watatoka na kumfungia juu ya paa. Polisi wakimpata mmoja watapoa.

"Nawe ukasema nini?"

"Nilisema sawa."

 Askari alipita, akarudi. Fundi akauliza kama Kiberiti alimtishia. Uzi angeweza kudanganya. Akatikisa kichwa.

Ndipo askari alipomleta mama yao. Alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, amebeba chakula kwenye kontena moja. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kutembea. Aliwatazama wote wawili kupitia nondo kisha akauliza, bila kupaza sauti, nani alimwingiza mwenzake.

Uzi aliinamisha macho kwenye miguu ile iliyovimba. 

Fundi alimwangalia mama. Alikuwa amezeeka zaidi kwa siku mbili kuliko alivyozeeka kwa miaka. Leo angempoteza mwana mmoja, hilo halikuwa na dawa. Hakuona sababu ya kumwacha ampoteze yule aliyezaliwa mwisho.

"Mimi, mama. Mashine ni zangu. Mimi ndiye niliyempeleka."

Mama hakulia. "Nilikupa mtoto unilelee," alisema. Akapitisha kontena kwenye nondo, akaliweka mikononi mwa Uzi, akamgusa shavu. Kisha akaondoka, anashika ukuta, na hakumwangalia Fundi tena.

Uzi alibaki amesimama na chakula kikipoa mikononi. Mlango wa mwisho wa korido ulikuwa bado wazi. Sauti ingemfikia mama kama angeita. Fundi alimsubiri aite. Mlango ukafungwa.