Barafu Iliyoachwa Kwenye Beseni

Mwizi alichukua dawa, akaacha barafu.

Siku hizi mtu anakunywa soda baridi bila hata kushukuru. Nachingwea ya mwaka 1951, barafu ilikuwa kitu cha kwenda kusimulia nyumbani. Matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yalishaanza kuota kutu, lakini garimoshi lilikuwa bado linapiga honi asubuhi, na mkate wa kantini ulinukia mpaka stesheni. Zilikuwa siku tamu zile, na Kasmiri, Inspekta Msaidizi wa polisi, alikuja kulijua hilo zilipokwisha.

Mchana huo wa Julai alisimama ndani ya chumba cha dawa cha zahanati moja ya mjini. Sanduku la barafu lilikuwa wazi. Pakiti ya chanjo ya ndui, vichupa ishirini vyembamba kama njiti za kiberiti, haikuwamo. Barafu yenyewe ilikuwa kwenye beseni la kunawia, imepangwa vizuri, ndiyo kwanza inaanza kuyeyuka.

"Ni Abdalah," alisema daktari, Mzungu mwenye haraka. "Ndiye dresa, mfunga vidonda wetu, ndiye mwenye ufunguo. Ndui imeingia Nkowe. Kila mtu anaitaka chanjo hii."

"Nkowe wamepelekewa?"

"Watu wa reli kwanza. Nkowe wasubiri shehena ya pili. Siku kumi."

Kasmiri aliandika, akafunga daftari. Nkowe ndiko alikozaliwa. Neno lile lilimuuma, akalimeza.

Abdalah alikuwa mahabusu, amekaa sakafuni. Mtu wa Kilwa huyo, mcheshi wa zahanati nzima, lakini siku hiyo ucheshi ulikuwa umemkauka. Mbele yake aliiona jela.

"Chanjo hutunzwaje?" Kasmiri aliuliza.

"Kwenye barafu, afande. Ikipata joto, imekufa. Ukimchanja mtu ni sawa na kumchanja kwa maji."

"Ungeiiba wewe, ungeacha barafu?"

"Mimi? Afadhali ningeacha dawa nikachukua barafu."

Kasmiri akatabasamu. Basi mwizi alikuwa mtu aliyeviona vichupa kila siku, ila hakuna aliyejisumbua kumweleza barafu ile ni ya nini.

"Nani mwingine huingia mle?"

"Daktari. Na Mwamina, anayefagia. Nikienda kula humwachia ufunguo. Lakini mwacheni mama wa watu, afande. Mwezi mzima huu hachani nywele, hapaki mafuta. Namtania kwamba nitamnunulia kitana, ananuna."

Kalamu ya Kasmiri ikasimama.

Mtu wa Kilwa angejuaje? Kwao Kasmiri, mama mwenye mwana jandoni hachani nywele wala hapaki mafuta mpaka mtoto atoke. Alimkumbuka mama yake, miaka thelathini nyuma, pale njia panda, kapu la ugali mkononi, nywele zimesongamana, anautazama msitu asioruhusiwa kuuingia. Yeye alikuwa amejificha vichakani anamchungulia. Mapadri walimbatiza baadaye wakampa jina jipya, lakini ugali ule hakuusahau.

Mwamina alikuwa ameshadandia lori la Ruangwa, liendalo upande wa Nkowe. Asubuhi yake Landrova ya polisi ikamfuata.

Walimkuta Nkowe, kwenye njia panda iendayo kumbini, kambi ya jando, amekaa kando ya kapu tupu. Ng'ambo ya mashamba zilionekana nyumba mbili zilizochomwa moto baada ya wenyewe kufa kwa ndui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Kasmiri alimsomea onyo la polisi. Mwamina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ataeleza.

"Barafu uliiacha kwa nini?"

"Si ya daktari ile? Kila jioni huitia kwenye glasi yake. Nikasema, dawa nimeiba, hata kinywaji cha mtu nimharibie? Nikamwekea vizuri kwenye beseni."

"Vichupa viko wapi?"

"Vimeshaingia jandoni."

"Vimeingiaje, nawe huruhusiwi kufika?"

"Mwanamke haingii jandoni, bwana. Ugali wake unaingia." Alilivuta kapu karibu. "Nimevipanga katikati ya ugali, ukiwa wa moto, vijana wanaopeleka chakula wasivione. Kaka yangu Mohamedi ndiye mlinzi wao, na aliwahi kuchanja watu zamani. Wako thelathini na mmoja mle. Bashiri wangu ndiye mdogo wao. Nilikuwa nafagia nikamsikia daktari anasema Nkowe wasubiri. Ndui inasubiri, mwanangu?"

Kasmiri alitia mkono ndani ya kapu. Lilikuwa bado na joto.

Alitamani asiseme. Lakini Mohamedi angewachanja watoto, wakajiona wamekingwa, wakaacha kujihadhari.

"Mama, dawa ile ikipata joto hufa. Barafu ilikuwa ya kuitunza."

Mwamina alilitazama kapu.

"Nimeipika," alisema polepole. "Nimeipika dawa ya mwanangu."

"Hukujua."

"Nifunge. Wizi nimefanya. Ila wewe ni mwanamume wa hapa, msitu ule unakujua. Wapelekee nyingine."

Mohamedi alipelekewa habari kwamba dawa imekufa, na Abdalah aliachiwa siku hiyo hiyo. Mwamina alikiri mbele ya hakimu, akafungwa miezi miwili. Shehena ya pili ilipofika, Kasmiri hakumsubiri mtu. Aliibebesha Landrova barafu, akamchukua Abdalah, wakaingia kumbini wawili. Watoto walichanjwa mmoja mmoja, na kila mmoja akapewa kipande cha barafu akishike. Walikirusha, wakacheka, wakakiokota tena. Lakini watatu walikuwa na homa tayari, na Bashiri alikuwa miongoni mwao.

Wiki tano Mwamina alikaa gerezani na nywele zake vilevile. Wenzake walimcheka.

Kasmiri alikwenda mwenyewe asubuhi moja, kofia mkononi.

"Wametoka, mama."

"Wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Bashiri ana makovu usoni, lakini ameitembea njia yote kwa miguu yake. Ameuliza ugali wako uko wapi."

Mwamina alilia bila sauti. Alipokwisha, alijifuta kwa pindo la kanga, akapapasa kichwa chake.

"Mwanangu," alisema, "una kitana?"

Kasmiri akatoa chake mfukoni mwa shati, akampa.