Binti wa Wafua Chuma

Soko la Homa Bay lilifurika asubuhi hiyo, na harufu ya omena, dagaa wa kisiwa cha Remba, ilikuwa imeshika kila kitu. Kezia, gauni la kitenge cha njano limemkaa kiunoni kama alivyomwagiza fundi, alikuwa akibishana na muuza samaki. Kidholuo kikamwishia mdomoni, akalaani chinichini kwa Kikuria. Nyuma yake mtu akacheka.

"Huyo mama angekuelewa, angekumwagia gorogoro nzima ya omena kichwani," sauti ikasema, kwa Kikuria hichohicho.

Kezia akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Na wewe nani amekuita kwa maneno ya watu?"

"Naitwa Maroa. Natengeneza simu pale juu. Sijasikia lugha ya mama tangu Krismasi, leo naisikia kwa matusi."

"Sijakutukana wewe."

"Bado. Nipe wiki."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Masika yalipofika, saluni yote alimofanya kazi Kezia ilikuwa inajua. Simu yake ikilia, wateja wananyamaza wapate kusikia.

"Umekula, Kezi?"

"Nimekula."

"Umekula nini bila mimi?"

"Amani."

Jambo moja tu hawakuwahi kuulizana, nalo ni ukoo. Kwao Migori, upande wa Kuria, mgeni huulizwa ukoo kabla hajapoa kwenye kiti. Homa Bay, kati ya Wajaluo, wao walikuwa Wakuria wawili, basi. Kezia alikuwa anaupenda mji huo kwa sababu hiyo hasa. Kila alipotaka kumwambia Maroa ukweli, alijipa moyo kwamba kesho ipo.

Ndipo Shangazi Dorah, aliyemlea Maroa, akasafiri kuja kumwona mchumba. Kezia akavaa sketi ndefu, akafunga kilemba, akaanza kupika kuku nyumbani kwa Maroa. Maroa alikuwa amenunua kisu kipya. Kezia akakitoa kwenye karatasi, akakilaza kiganjani, akakipulizia pumzi mara mbili kabla ya kukata. Hata hakufikiri. Nyumbani kwao kila mtoto alifundishwa hivyo, kwamba chuma kipya hakitumiki kabla hakijapewa pumzi.

Shangazi Dorah akaweka kikombe chini.

"Msichana, hiyo umefundishwa na nani?"

Kezia akakiweka kisu chini haraka, na hilo likatosha.

"Huyu ni wa Abaturi," Shangazi akamwambia Maroa, kana kwamba Kezia hayumo chumbani. "Wafua chuma. Umekuwa ukila mkononi mwake?"

"Shangazi, hayo ni mambo ya zamani."

"Kaka yako Elkana anajua? Kuna mwingine kama huyu aliolewa kule kwetu kwa kujificha. Nyumba yake iliungua akiwa ndani, na hakuna aliyeuliza nani aliiwasha." Kisha akamgeukia Kezia, kwa upole uliotisha kuliko ukali. "Mwanangu, jembe la baba yako nalima nalo, na ninamshukuru. Ndugu yako akileta mapanga, nitayanunua palepale mlangoni. Lakini wewe utatuzalia. Tumbo lako haliwezi kuingia kwetu."

Kezia akamtazama Maroa. Maroa akatazama sakafu. Hicho ndicho kilichomuuma, kuliko maneno yote ya Shangazi. Alasiri hiyohiyo akafunga mizigo, akarudi Migori kwa baba yake.

Maroa akapiga simu.

"Kezi, nilishtuka tu. Ungeniambia mapema."

"Ungefanya nini?"

"Sikia, babe. Tuoane kimyakimya huku Homa Bay. Ukiulizwa, taja ukoo mwingine wowote. Shangazi nitamwomba anyamaze."

"Na mtoto wangu akiuliza babu yake ni nani, nimwambie mimi niliokotwa?" Akakata simu.

Jumapili mchana Maroa akatokea mwenyewe kwenye karakana ya Mzee Motari, baba yake Kezia, nje kidogo ya mji wa Migori. Kezia akiwa kando yake, Mzee akaweka nyundo chini.

"Kijana, simama hapohapo. Watu wenu hawakai humu ndani. Ukikaa, umekuwa mmoja wetu, na kwenu hawana dawa ya kukuosha."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimekuja."

Akaingia, akaketi kwenye kigoda cha mfuaji, karibu na moto. Kisha akampigia Elkana, akaweka simu kwenye spika, sauti ikasikika karakana nzima.

"Kaka, nimekaa kwenye kigoda cha wafua chuma. Ni vizuri usikie kutoka kwangu."

Elkana akasema, "Basi wewe ni maiti, Maroa. Shangazi yuko hapa, ameshaanza kukulilia. Tunaondoka sasa hivi, tunakuja kuchukua mwili wetu." Simu ikakatika.

Maroa akamtazama Kezia usoni. "Siku ile nilitazama sakafu. Nisamehe. Sasa sina kwetu, sina ukoo wa kukupa. Utanikubali hivi?"

"Hivi ndivyo nilivyotaka unikubali mimi," Kezia akasema. Alifurahi hadi machozi, na wakati huohuo aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake. "Nimekubali."

Mzee Motari alimwaga maji kwenye moto, jua likiwa bado juu. Kisha akatoka nje, akakusanya mapanga yote aliyokuwa amewapangia wateja, akayaingiza ndani, akafunga mlango kwa ndani, akawasubiri akina Elkana.