Mvuke wa Mwisho

Hilkka alikuwa anamenya viazi dirishani aliposikia mtu akimwagia maji mawe ya moto ya sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke uani. Mawe yalifoka mvuke, kisha kimya. Mdogo wake Veijo alikuwa nyuma yake mezani, anakula samaki, na nyumba ile haikuwa na mtu wa tatu.

Majirani walikata mguu kwa sababu ya Veijo. Vita vilipokwisha na dunia ikawazika mafashisti, yeye ndiyo kwanza akashona sare. Alijiita Kiongozi wa Taifa, akasambaza vikaratasi vya kuwatukana Wayahudi na Waroma, wale Wajipsi, akafungwa, akatoka, akaongeza na mashetani: eti Ibilisi na wakubwa wa mafashisti waliofia Berlin wangempa Ufini yote. Chama chake kiliwahi kufikisha watu tisa, na inasemekana wawili walikuwa askari kanzu. Sasa hata hao hawaji. Alibaki dada mtu, anayemfulia shati jeusi na kuona haya kulianika.

"Nani yuko kule?" Hilkka alinong'ona.

"Wageni wangu, dada."

Kila mtu kijijini anajua kwamba mvuke wa mwisho si wa binadamu. Ukishaoga unaacha maji kwenye ndoo, unamuaga mwenye sauna, mzimu anayeilinda, kwa adabu, unafunga mlango, naye anaoga. Veijo alikuwa ameichukua zamu hiyo awaitie wakubwa zake.

Jumamosi iliyofuata Hilkka alimfuata hadi mlangoni. Ulikuwa usiku, lakini jua la Juni la kaskazini lilikuwa bado linawaka, mbu wanaimba. Ndani Veijo alikuwa anahutubia, na alipotua pumzi, makofi yakalipuka. Hilkka aliijua sauti ile: ni matawi mabichi ambayo waogaji hujichapia mgongoni, lakini si kitita kimoja, ni vitita chungu nzima, vikipiga nyama iliyolowa, na chini ya mlango ilipenya harufu ya nywele zilizoungua.

Veijo alitoka mgongo umevimba mistari, analia kwa furaha. "Ukumbi umejaa, dada. Wamesimama wote." Hilkka hakuwahi kumwona na furaha ile tangu utotoni, na ndiyo iliyomtisha zaidi.

Akamwita Bi Saimi, mganga wa kuumika, ambaye pembe zake zilikuwa zimenyonya damu chafu ya nusu ya wilaya. Bikizee alinusa mlango, akatema mate. Mwenye sauna kafukuzwa, alisema, na hao waliokaribishwa wamekalia nafasi yake. Veijo aketi benchi la chini, aombe radhi, ataje jina lake na la mama yake tu.

"Cheo usitaje, mwanangu," alimwambia. "Humo kila mtu yuko uchi."

Veijo alicheka kwa dharau, lakini usiku ule mgongo ulimtoka damu, na asubuhi akakubali. Hilkka hakutaka muujiza. Alitaka ndugu yake arudi mezani, na siku moja jirani abishe hodi.

Basi usiku Veijo akaketi benchi la chini saunani, Hilkka na Bi Saimi wakiwa mlangoni, makofi yakimwitia juu. "Mimi ni Veijo," alisema, "mtoto wa Lempi."

Makofi yakakatika. Kikaingia kimya kilekile cha kumbi alizokodi akahutubia viti. Veijo alitazama mabenchi matupu.

"Nipo hapa, Veijo," Hilkka alisema mlangoni. "Nakusikiliza. Endelea."

Alimtazama dada yake kitambo, kama anayehesabu waliohudhuria. Kisha akainuka, akapanda benchi la juu, akanyoosha mkono na kusema, "Mimi ni Kiongozi wa Taifa," na hapo makofi yakarudi kwa kishindo kilichotikisa kuta, mlango ukajibamiza, Bi Saimi akamvuta Hilkka kwa kiuno naye Hilkka akipiga mbao za mlango kwa ngumi na kulia kwamba yupo, kwamba anamsikia, huku sauti ya Veijo ikipanda, ikipasuka, ikizimika, na matawi yakiendelea kuchapa.

Mtu mmoja hakumtosha.