Nafasi Isiyokuwepo

Jumamosi moja ya Septemba, mwaka 1997, Mize alikwama na kikapu chake katika duka la vyakula la Langley Park, nje kidogo ya Washington, nyuma ya mgongo mpana ajabu. Watu wa El Salvador, wa Haiti na wa Afrika walikuwa wakigombania ndizi mbichi, na mgongo ule ulikuwa umeziba njia nzima.

"Jamani, jabali hili nani kaliweka hapa?" alisema kwa Kiswahili cha Mombasa, akiamini hakuna atakayemwelewa.

Mgongo ukageuka. "Jabali linasogea, dada, likiombwa vizuri."

Mize alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake wa zambarau. Buibui lake lilinukia udi, na macho yake ya wanja yalijaa aibu na kicheko kwa pamoja. Mbele yake alisimama kijana mwenye shingo nene na uso wa mtoto, amevaa fulana ya mazoezi ya chuo.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Wa Mbeya, ila nimekulia hapo Laurel. Naitwa Gwakisa. Nacheza football." Akatabasamu. "Siyo ya nyumbani. Ile ya makofia na kugongana."

"Naijua sana. Mimi ndiye nijibuye simu ofisini kwa makocha wenu. Sijawahi tu kukuona bila kofia."

Wakapeana namba, na simu zikaanza siku ileile. Mize aliishi kwa shangazi yake, Shee, na kila Shangazi alipopokea, Gwakisa alisema yeye ni mwanafunzi mwenzake Mize. "Huyo msomi wako tena," Shangazi alikuwa akimwambia, huku akimpa mkono wa simu.

"Umekula, Mize wangu?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Leo nimegongwa mpaka nimesahau jina lako."

"Basi niite mpenzi. Hilo hutalisahau."

Kazi ya Gwakisa uwanjani haikuwa kufunga. Alitangulia mbele ya mkimbiaji mwenye mpira na kumgonga yeyote aliyetaka kumzuia. Kocha mzee aliyemsajili alikuwa amefika hadi Laurel, akaketi jikoni kwa mama yake, Mama Bupe, akala wali na maharage, akaahidi kwamba kijana atasoma bure mpaka apate shahada. Skolashipu zenyewe hutolewa mwaka kwa mwaka, lakini Mama Bupe aliliamini neno la mgeni aliyekula kwake.

Msimu ule timu ilipigwa vibaya. Novemba haijaisha, kocha mzee akafukuzwa, akaletwa mwingine kutoka mbali. Huyu alipenda mpira urushwe, udakwe huko mbele. Alikuta timu imejaa wakimbiaji na wafungua njia, wadakaji hakuna, na mstari wa mbele, wa majitu ya kumkinga mrushaji, una watu wachache. Skolashipu zina kikomo. Ili aingie mtu wake, ilibidi mwingine atoke.

Alianza na vijana wa sekondari walioahidiwa na mtangulizi wake. Mize ndiye aliyeunganisha simu za kuwaambia nafasi zimejaa. Mmoja alilia, kisha mama yake akaichukua simu na kuuliza tu, "Sasa nimwambie nini?"

Januari ilikuja na Ramadhani. Jua lilikuwa linazama, Mize amekaa mezani na tende zake akingoja kufuturu, aliposikia sauti ya kocha mpya kupitia mlango ulio wazi.

"Gwakisa ahamie mstari wa mbele. Mwambieni ale, anenepe. Nahitaji watu wa kufanyia mazoezi Aprili. Kiangazi vijana wangu wakifika, skolashipu yake hatuiongezi."

"Tumwambie?" msaidizi aliuliza.

"Akijua ataondoka. Tutafanya mazoezi na nani?"

Kocha alitoka, akamwona. "Yanayosemwa humu hayatoki," alisema kwa upole, na akaenda zake. Kazi ile ndiyo iliyomlipia Mize masomo.

Jioni hiyohiyo simu ililia.

"Mize! Wameni-move mstari wa mbele! Kocha anasema nikiongeza uzito nafasi ni yangu. Mimi nilishadhani nimekwisha!"

Mize alisogeza simu mbali na sikio.

"Upo, roho yangu?"

"Nafurahi," alisema. "Ntakupikia."

Na kweli alimpikia. Biriani, chapati, maharage ya nazi, mabakuli kwa mabakuli. Alijiambia huenda kocha akabadili mawazo akimwona anavyojituma. Gwakisa alikula mpaka jasho likamtoka, akacheka, akaomba tena.

"Wamnenepesha huyu kama wa kuchinjwa," Shangazi Shee alitania siku moja.

Mize aliweka upawa chini, akaenda kujifungia msalani.

Magoti ya Gwakisa hayakuuzoea mzigo ule mpya. Aprili, kwenye mazoezi ya kawaida tu, mwenzake alimwangukia mguuni, goti likapinda upande lisikopinda. Alipasuliwa. Mei aliitwa ofisini, akaenda kwa magongo.

"Ni kwa sababu ya goti?" alimuuliza kocha.

"Hapana," kocha alijibu, akidhani anamfariji. "Tulishaamua tangu Januari."

Gwakisa alitoka akasimama mbele ya meza ya Mize.

"Januari ulikuwa umekaa hapa."

"Kisa, mpenzi..."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanipikia."

Mize aliinamisha kichwa. Aliposikia magongo yakishuka ngazi, aliinuka, kisha akaketi tena.

Alipiga simu Laurel kila siku. Mama Bupe alikuwa akijibu, "Amelala, mwanangu," huku mwanawe ameketi pembeni yake akitazama ukuta.

Mwishoni mwa Juni Mize aliacha kazi, akapanda basi hadi Laurel. Mama Bupe alimfungulia akiwa bado na sare nyeupe ya nyumba ya wazee alikofanya kazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alimtazama sana. "Kocha alikula kwangu akamdanganya. Mwanangu akala kwako, ukamdanganya. Ingia. Mwambie mwenyewe."

Gwakisa alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mto.

"Ungeniambia, ningehamia chuo kingine na goti langu zima."

"Najua."

"Sasa kwa nini, Mize?"

"Niliogopea kazi. Kisha nikaogopa utaenda mbali nami. Sina sababu nzuri kushinda hizo."

Alingoja matusi. Gwakisa alifunika uso kwa viganja vyake vikubwa, akalia. Mize akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye ubavu wa kochi. Kisha mkono wa Gwakisa ulishuka, ukatulia juu ya mtandio wake.

Kiangazi chote alikwenda kumsaidia kunyoosha goti. Walicheka tena, mara chache. Hakumpikia, na Gwakisa hakumwomba.

Agosti kocha mzee akampigia Gwakisa simu kutoka Ohio, alikopata kazi katika chuo kidogo. Skolashipu za mpira hakuwa nazo. Angemtafutia msaada wa masomo na kazi ya jikoni, na kama goti lingekubali, wangeona.

Asubuhi ya safari walisimama kwenye kituo cha treni cha Laurel, Mize amevaa gauni refu la kijani, Gwakisa akichechemea na begi begani. Treni ya Washington, ambako angepanda nyingine ya Ohio, ilikwisha kuonekana.

"Nikirudi, nije kwa Shangazi kuposa," alisema Gwakisa. "Utaningoja?"

Mize alijua neno analotaka kulisikia. Lilikuwa tayari ulimini.

"Nakupenda," alisema. "Lakini kama nitangoja, Kisa, sijui."

Treni ikasimama. Gwakisa akashika chuma cha mlango, akajivuta juu kwa mguu mzima.

"Hilo naliamini," alisema.