Aliyepanda Nyuma

Saa kumi na moja na nusu jioni, Unyoya alikuwa amebakiza baiskeli moja tu ya kujaribu.

Zilikuwa tatu: ya kijani, ya buluu na ya kijivu. Zote za milimani, zote zina shokapu za upepo za kumeza mitikisiko, mbele na nyuma. Meneja wa kampuni moja ya utalii alitaka kununua ishirini za aina moja kwa ajili ya wageni wake kule kilimani. Akaomba zijaribiwe njia ileile, siku ileile, aambiwe ipi inafaa. Na akaongeza sharti moja: anayejaribu awe mtu mwepesi.

Hapo Meneja hakuhitaji kutafuta mbali. Unyoya alibandikwa jina hilo tangu shuleni. Kilo arobaini na tisa, tena akiwa na viatu. Alikuwa akiendesha karakana ya baiskeli pamoja na wifi yake, dada wa mumewe, fundi mwenye mikono mipana na mdomo usiopumzika.

Ya kijani ilipanda vizuri ila ilinesanesa kila alipokanyaga pedali. Ya buluu ilikuwa ngumu nyuma, ikamtwanga kiuno kwenye mawe. Aliandika yote kwenye daftari, akameza maji, akapanda ya kijivu.

Njia ilianzia getini, ikapanda kupitia msitu wa misonobari, ikafika juu kabisa palipokatwa miti, kisha ikateremka kwenye mawe hadi getini tena. Dakika arobaini kwa mtu aliyezoea. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya vilima vya mbali alipofika juu, kwenye visiki. Akashuka ili akague shokapu.

Kwenye shokapu ya nyuma kuna kijipete cha mpira. Ukikalia baiskeli, shokapu inabonyea na kijipete kinasogea. Ukishuka, shokapu inarudi juu lakini kijipete kinabaki pale kilipofikishwa. Ndivyo fundi anavyojua uzito umebonyeza kiasi gani. Unyoya alikirudisha mwanzo kwa kidole, akasimama kando akiwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, akifunga chupa ya maji kwa meno.

Fyuuu...

Alitazama chini. Shokapu ilikuwa inabonyea. Taratibu. Hakuna aliyeikalia.

Kijipete kikasogea, kikasogea, kikasimama karibu na mwisho.

Halafu harufu. Kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, ikafungiwa sandukuni miaka.

"Upepo unavuja," Unyoya alijiambia kwa sauti, apate kusikia mtu akisema jambo. Akapanda, akashika mteremko.

Baiskeli ilikuwa nzito. Kila akikata kona, sehemu ya nyuma ilichelewa kidogo, namna inavyochelewa unapokuwa umempakia mtu asiyejua kuinama pamoja nawe. Akafunga breki. Breki zikalia. Akaachia. Alitaka kugeuka nyuma, shingo ikakataa.

Kwenye mawe ya mwisho, kitu baridi kikamgusa sikio.

"Mbele kidogo."

Sauti ya mtu mzima. Tulivu. Ya mtu anayemwelekeza dereva.

Hakukumbuka alivyofika getini. Alichokumbuka ni kwamba mara tu gurudumu la mbele lilipovuka kizuizi, nyuma kukainuka kwa mpigo, akabaki mwepesi vile alivyozoea.

*

"Haivuji," wifi alisema asubuhi iliyofuata, akichomoa pampu. "Upepo uko palepale nilipouweka. Wifi, ulimpakia nani?"

"Sikumpakia mtu."

"Kijipete kimefika hapa. Hapa ni kilo mia na kitu. Hata ukinywa maji pipa zima hufiki."

Unyoya alimweleza. Wifi alicheka, kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka. Alikuwa mtu wa spana na vipimo. Kilichomsumbua akili alikipima.

"Basi tutajua leo. Ama ni baiskeli, ama ni njia, ama ni wewe. Jioni napanda mimi na hiyo ya kijivu, wewe chukua ya kijani. Saa ileile. Kama ni ya kijivu ina lake, itanionyesha mimi."

"Huogopi?"

"Mimi? Kwa mwili huu? Likikaa nyuma yangu litakosa nafasi lianguke."

Wakapanda pamoja. Wifi akihema na kulaani kila kona, Unyoya akimtangulia kimya. Usiku uliopita hakuwa amelala vizuri. Alikuwa akiamka kumshika mwanawe mchanga kifuani, akisikiliza kama anapumua peke yake. Walipofika kwenye visiki, mwanga ulikuwa wa majivu. Wakashuka. Wakarudisha vijipete mwanzo. Wakasubiri.

Ya kijivu haikufanya lolote.

Ya kijani ikashusha pumzi.

Fyuuu...

Wifi alipiga magoti, akatazama shokapu ikibonyea mbele ya macho yake. Alinyoosha kidole kukigusa kijipete, akakirudisha kidole haraka.

"Si baiskeli," alinong'ona.

"Ni mimi," alisema Unyoya.

Walikuwa na chaguo la kuiacha pale. Lakini Unyoya alipojaribu kuilaza chini, haikulala. Ilisimama mikononi mwake imenyooka, imetulia, ikingoja iendeshwe. Na alipopiga hatua tatu bila hiyo, akasikia magurudumu yakimfuata kwenye majani makavu. Tik... tik... tik...

Akapanda. Heri kuwa nayo chini yake kuliko nyuma yake.

Safari hii nyuma hakukuinuka getini. "Mbele kidogo." Wakapita barabara ya lami. "Mbele kidogo." Wakapita kituo cha mafuta, wifi akiwa kando yake, analia na kukanyaga. Kwenye kona ya karakana tu ndipo sauti iliponyamaza. Unyoya akashuka, akaiegemeza baiskeli ukutani. Ilibaki imebonyea. Hakuna aliyeshuka.

Nyuma ya karakana ile, hatua ishirini, ndipo palikuwa na nyumba yake. Mama mkwe alikuwa ndani na mtoto. Sauti ya kijiko kwenye bakuli ilisikika dirishani.

Simu ikaita. Meneja.

Unyoya alidhani ataulizia matokeo. Meneja hakuuliza baiskeli ipi inafaa. Hakuuliza habari za jioni. Alisema kwa sauti ya chini:

"Ameshukia wapi?"

Unyoya aliitazama ile baiskeli. "Nani?"

Simu ikakatwa. Unyoya akapanda tena baiskeli.

*

Ofisi ya Meneja ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, upande wa pili wa mji. Unyoya aliendesha mwenyewe, wifi akimfuata na pikapu ya karakana, taa zikimmulika mgongo. Baadaye wifi alisema hakuona mtu. Aliona tu tairi la nyuma limebonyea mpaka karibu ligeuke bapa, na shati la Unyoya likiwa limekunjamana kiunoni, pande zote mbili.

Unyoya aliikokota baiskeli ngazi kwa ngazi, akaisukuma mpaka mbele ya meza.

"Mtu wako huyu."

Meneja alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alimtazama Unyoya, kisha akatazama juu kidogo ya bega lake, haraka akainamisha uso.

"Kaa, dada."

"Sikai."

"Mimi sikumwita," alisema Meneja. "Tulikata ile miti ili tujenge vibanda vya wageni. Siku hiyohiyo akapanda gari langu. Miezi miwili, dada. Miezi miwili naendesha naye nyuma. Mke wangu akakimbilia kwao. Mganga akaniambia huyu hafukuzwi, hubebwa. Abebwe na mtu mwepesi, kwa kitu kisicho na injini, apelekwe kwenye mlango mwingine. Nikamrudisha kilimani, akashuka kwenye visiki kungoja mwingine wa kumbeba. Halafu nikatafuta mtu mwepesi."

"Ukanitafuta mimi. Nina mtoto mchanga."

"Sikujua una mtoto."

"Hukuuliza!"

Kule mlangoni wifi alikuwa ameshika spana, hajui ampige nani.

"Ni nani huyu?" Unyoya aliuliza.

"Sijui. Hajawahi kuniambia zaidi ya maneno yale mawili."

Mbele ya meza kulikuwa na kiti cha wageni, kile cha kuzunguka, kinachopanda na kushuka kwa wenzo. Baiskeli ikainuka nyuma, nyepesi ghafla. Na kiti kikashuka.

Polepole. Kwa pumzi ndefu.

Hakuna aliyesogea. Kisha kiti kikazunguka, kidogo tu, kikamwelekea Meneja.

Unyoya alishika mkono wa wifi yake. Wangeweza kuondoka. Ameletwa, ameshuka, basi. Tayari walikuwa kwenye ngazi Meneja aliposema, bila chuki, kwa uchovu wa mtu aliyekwishaamua:

"Sawa. Niachieni. Karani wangu naye ni mwepesi. Kesho nitampa baiskeli aende nayo kwao."

Karani alikuwa pale chini, mlangoni mwa duka. Msichana mwembamba, anaongea na simu huku akifunga kamba za viatu, anamwambia mtu amwekee chakula, anakuja sasa hivi, na babu aambiwe asilale kabla hajafika.

Unyoya alisimama kwenye ngazi muda mrefu. Wifi akamvuta.

"Twende, wifi. Si letu tena."

"Na huyu?"

"Wifi, tafadhali. Mtoto wako yuko nyumbani."

Unyoya akageuka, akapanda ngazi, akaishika baiskeli usukani. Hakumtazama Meneja. Alikiambia kiti kitupu:

"Haya. Panda."

Fyuuu...

*

Gari lilibaki getini. Kutoka pale hadi juu wifi alitangulia kwa miguu na tochi, kwa sababu Unyoya asingeweza kuona njia. Gia ya mwisho, ya chini kabisa, bado pedali zilikuwa zinakataa. Mapaja yalimuwaka. Misonobari ilisimama kimya pande zote. Hata ndege hakulia. Kila baada ya mita kumi alisimama, akapumua, akaendelea.

Hakuna aliyesema "mbele kidogo". Aliyekaa nyuma alikuwa hasemi chochote sasa. Alikuwa anapumua tu.

Kwenye kona ya mwisho Unyoya alihisi mkono kifuani, umemzunguka, unakaza.

"Wifi, legeza mkono, unanibana."

Tochi ikasimama. Ilikuwa mbele yake, hatua kumi.

"Mimi niko huku," alisema wifi.

Unyoya alikanyaga. Alikanyaga huku akilia kwa sauti, huku akitaja jina la mwanawe, mpaka tairi la mbele likagonga kisiki cha kwanza. Akashuka. Akakaa chini.

"Tumefika," alisema. "Hapa ndipo kwako. Shuka."

Shokapu haikusogea.

"Shuka, nakuomba."

Shokapu ikainuka. Baiskeli ikalala yenyewe kwenye majani, kama chuma chochote kinavyolala. Na kati ya visiki, sauti ile ikasema, si sikioni tena, mbali kidogo, sauti ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta milango imefungwa:

"Hapa mbona hapana mtu tena?"

Wifi alimnyanyua Unyoya kwapani. Wakateremka kwa miguu, wameshikana, tochi ikicheza mbele yao. Baiskeli ya kijani waliiacha palepale.

*

Unyoya aliandika ripoti ya mstari mmoja: hakuna baiskeli inayofaa kwa njia ile. Meneja alinunua ishirini, zote za kijivu. Vibanda vilikamilika kabla ya likizo. Wageni wakaanza kuja kwa makundi.

Wifi alimwambia waache. Walikwisharipoti polisi, na askari aliandika maelezo yao nusu, akaweka kalamu chini, akauliza kama kuna mtu ameumia. Mama mkwe alimwambia mkwewe apumzike, amekonda. Hakuweza. Kila Jumamosi jioni alimwachia mtoto bibi yake, akaenda kukaa kwenye jiwe kando ya geti, akitazama baiskeli zikishuka moja moja. Waliompita walimdhania anasubiri mtu. Hakuwatazama nyuso. Alitazama shokapu za nyuma.

Jumamosi ya nne walishuka kumi na wawili. Wanaume wakipiga kelele, wanandoa wakicheka, kijana mmoja amechubuka goti. Shokapu zote ziko juu, salama. Unyoya alikuwa anainuka aende zake alipomwona wa mwisho, msichana wa watu asiyemjua, mwembamba, anashuka polepole kuliko wenzake, ameinamisha kichwa upande mmoja kwa adabu, jinsi mtu anavyomsikiliza abiria.

Tairi lake la nyuma lilikuwa linasugua chuma.

Unyoya alitazama barabara inayorudi mjini. Akatazama kilima, kulikokuwa kunaingia giza. Akafunga kamba za viatu, akaingia katikati ya njia, akainua mkono.

"Mdogo wangu, simama. Hiyo baiskeli nipe mimi."