Yai la Atoo

Haya yalimpata rafiki yangu Wanjala, fundi wa fremu za picha mtaani Kansanga, na hadi leo akiyasimulia hushusha sauti.

Jioni moja alikwenda kwa mchoraji Okidi kuchukua picha ya kutiwa fremu. Okidi huwachora watu wa kwao kaskazini waliomezwa na vita, na safari hii alikuwa amemchora dada yake Atoo, aliyetekwa na waasi akiwa mtoto: msichana miguu peku, nyayo zimejaa vumbi. Mlangoni, juu ya kizingiti, paliwekwa yai bichi.

"Usilikanyage, ndugu yangu," Okidi alimwambia. "Kwetu Acholi, aliyepotea akirudi hukanyaga yai kwanza, ndipo aingie nyumbani. Kila nikimaliza picha naweka moja. Hakuna aliyewahi kuja kulivunja."

Wanjala akaliruka yai, akaingia. Mvua ikaanza kupiga mabati, umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro. Ndani ya kelele ile akasikia hatua ndogo ndogo zikija barazani, zikasimama mlangoni. Kisha ganda likapasuka.

"Atoo?" Okidi aliita.

Hatua ziliwapita katikati, zikaishia pale picha ilipoegemezwa.

Umeme uliporudi, mlangoni palikuwa na maganda matupu. Okidi alikuwa amepiga magoti mbele ya picha, analia. Wanjala akainama kutazama. Rangi ilikuwa imekauka kitambo, lakini kwenye nyayo zile za vumbi kiini cha yai kilikuwa kinachuruzika, kikidondoka sakafuni polepole.